Kompyuta Namba Nane

Mama Hamisi alizikwa Newala mwezi Juni, asubuhi yenye ukungu mzito kiasi kwamba sisi wanawake tuliobaki nyumbani tuliwasikia wanaume wakiondoka na jeneza bila kuwaona. Nilikuwa nimetoka Masasi alfajiri na nilifika nimeganda vidole, maana miaka yote niliyoishi huku chini imenisahaulisha kwamba baridi ya Newala haina adabu. Nilipewa ungo wa mchele nichambue, kazi wanayopewa wageni wa msibani ambao hakuna anayejua vizuri wakae wapi. Wanawake waliokaa karibu nami walikuwa wakizungumzia bei ya salfa ya mikorosho, kisha wakakumbuka walipo, wakalia kidogo, wakarudi kwenye salfa. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza kwamba nimesahau kuvaa soksi.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini Juma akanifuata pale uani. Juma ni mtoto wa mwisho wa marehemu, na siku hizi ana ndevu na kitambi cha mtu anayemiliki pikipiki zaidi ya moja. Alichuchumaa mbele yangu kama mtoto. "Shikamoo dada Tekla." "Marahaba, baba. Pole sana." Akashika punje chache za mchele, akazirudisha. "Dada, wewe ndiye uliyekuwa unamwandikia mama kule intaneti. Kaka Hamisi alikufa lini hasa? Mama nilikuwa nikimuuliza ananijibu 'mwaka ule'. Mjomba naye alijifanya hasikii mpaka akafa." Nilimwangalia machoni, kisha nikaangalia ungo. "Ulikuwa umeshatoka kumbini, jando limekwisha," nikamwambia. Akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Maana siku zote niliogopa..." Hakumalizia. Aliitwa kupokea wageni kutoka Chilangala, akaenda, nami nikaendelea na mchele wangu.

Mwaka aliouita mama yake "mwaka ule" ndio mwaka intaneti ilipofika Newala, na mimi ndimi niliyefika nayo. Ushirika wa korosho ulikuwa hoi kitandani, wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa mjini kila mmoja na mzani wake, na kila mtu mwenye chumba chenye mlango alijiita mfanyabiashara. Tajiri mmoja wa Masasi alichukua iliyokuwa stoo ya korosho, akaipaka rangi ya buluu, akaweka kompyuta nane, jenereta nyuma, na dishi kubwa juu ya bati. Bibi mmoja alilitazama dishi lile siku nzima, akaja kuniuliza maji yatatokea upande gani. Sikumcheka sana. Newala maji yalikuwa yanapandishwa kutoka bondeni kwa pampu, na pampu ilikuwa na hiari yake, kwa hiyo mtu akiona chombo kikubwa kimeelekezwa mbinguni alikuwa na haki ya kutumaini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kozi fupi ya kompyuta, nina kiburi kisicho na kazi, na nilipopewa ufunguo wa chumba kile nilijiona mkuu wa wilaya.

Kilikuwa chumba kirefu chenye giza. Vibanda vya plaiwudi vilipangwa kando ya ukuta mmoja, namba moja mpaka saba, na namba nane ilikuwa kule mwisho, imegeuziwa mgongo, imefichwa na ubao mrefu uliofika karibu na dari. Stoo ya pili, iliyotenganishwa na chumba chetu kwa ukuta tu, iliwekwa mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, na harufu yake ya kiberiti ilipita kila tundu ikaingia kwenye nguo na kwenye chai. Upande wa pili palikuwa na mama lishe, na kupitia ukuta ule nilisikia habari za mji wote: nani kahamishwa, nani kaachwa, mnunuzi gani analoweka magunia yazidi uzito. Nilikula hapo kila mchana, ugali wa muhogo na kisamvu, au mbaazi, na siku za neema samaki mkavu aliyepanda na lori kutoka Mtwara. Mpaka leo nikisikia harufu ya kiberiti hamu ya mbaazi hunijia, na hapohapo inanitoka.

Fundi aliyefunga mtandao alitoka Dar es Salaam, kijana mwenye haraka aliyeona kila kitu cha Newala ni cha muda. Kabla hajaondoka alinikalisha mbele ya kompyuta ya mhudumu akanionyesha kijisanduku cheusi chenye taa za kijani. Ile ndiyo ruta. "Humu ndani kila kompyuta ina anwani yake," aliniambia, "lakini nje huko wote mnajulikana kwa anwani moja tu. Ulisoma bweni?" Nikasema ndiyo. "Basi shule nzima mlikuwa na sanduku la posta moja. Barua zote zinakuja sanduku hilo, na karani ndiye anajua ipi ya nani. Hii ruta ndiyo karani." Akanifundisha kuingia ndani yake na kuandika amri inayoonyesha miunganisho iliyo hai kwa wakati ule. Skrini nyeusi ikajaa mistari myeupe: kushoto anwani ya kompyuta ya ndani, katikati ile anwani yetu moja, kulia mahali pa mbali inakozungumza nako. Alikuwa amezipa kompyuta anwani kwa kufuata namba zake, ya tatu ikaishia na tatu, ya nane na nane, ili hata mimi, alivyosema bila haya, nisipotee. Mtandao ukiwa mzito, nitazame nani kaujaza, kisha niifute mistari yake. "Ukiifuta, mazungumzo yake yanakatika. Ataanza upya. Atadhani ni mvua."

Niliipenda ile skrini nyeusi kupita kazi nyingine zote. Sikuona watu walichoandika, ruta haionyeshi hayo, lakini niliona nani anazungumza na wapi, na mstari wa mtu ulivyokuwa ukitoweka kitambo kidogo baada ya kunyamaza. Pale chumbani watu walikaa vibandani mwao, kila mmoja na siri yake. Mimi peke yangu niliwaona wote wakitoka kwa mlango mmoja.

Mama Hamisi alianza kuja mwanzoni mwa mwaka, kila Jumamosi mchana, khanga mbili na ndala zilizofungwa uzi. Mwanawe mkubwa, Hamisi, alikuwa amevuka Ruvuma kwenda Msumbiji na kuendelea mpaka Sauzi, kama vijana wengi waliochoka kusubiri msimu wa korosho. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilikaa naye kompyuta namba mbili, yeye akisema nami nikiandika, Hamisi akijibu nami nikisoma kwa sauti. Programu ya kuchati ilikuwa na kijipicha kilichowaka kijani mtu akiwapo. Kikiwaka tu, Hamisi hakusalimia. Alikuwa anaandika: "Mmepika nini?" Mama yake anasema, "Huyu mtoto hana heshima, sikumlea hivi," huku ameshaanza kuhesabu kwa vidole: kisamvu cha karanga, mama mdogo kaleta kunde, jana tulikula uyoga. Hamisi anajibu kwamba kule anakula mkate kama mgonjwa. Anamwambia mama yake amfunge kisamvu kwenye bahasha. Mama anacheka mpaka namba tatu na nne wanageuka. Jumamosi zote zilikuwa hivyo, na ingawa nilijifanya nina kazi nyingi, nilikuwa nazisubiri.

Aliyemfungulia Hamisi anwani ile ya kuchati alikuwa mjomba wake, Bwana Issa, kaka wa Mama Hamisi. Alikuwa wakala wa kampuni ya kuuza salfa, mtu mrefu, mnyamavu, anayekohoa kwa sababu ya bidhaa yake mwenyewe. Kila alichoandika kilianza kama barua ya zamani, "ama baada ya salamu". Alikuja kuwaandikia wakubwa wake wa Dar es Salaam na siku zote alichagua namba nane kule nyuma. Huko kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Baba anaweza kuwapo au asiwepo, lakini kijana haendi safari, haoi, wala haingii jandoni bila mjomba kutamka. Hamisi alikwenda Sauzi kwa ruhusa ya Bwana Issa, na nauli ya Bwana Issa.

Mwezi Juni, mavuno yakiwa yameingia, Juma akapelekwa jandoni pamoja na wavulana wengine wa mtaa wao. Kumbi lilijengwa porini, banda la matawi na nyasi, wavulana wakakaa humo kungoja vidonda vipone na kufundishwa ya kufundishwa. Mama wa mwali, yaani wa mvulana aliye jandoni, naye huwa kama yuko kifungoni. Hasuki nywele, hagombani na mtu, hazidishi chumvi kwenye chakula, na zaidi ya yote halii. Wanaamini mama akilia kidonda cha mtoto hakifungi. Kila siku alipika, akafika na bakuli mpaka mahali pa mwisho anaporuhusiwa mwanamke, akaliweka chini. Mlezi wa kumbi alilichukua, na baadaye bakuli tupu likarudi. Mimi ni mtu wa Lulindi, kwetu jando lilikuwa na padri na mganga wa zahanati ndani yake, nikawa nayachukulia mambo haya ya Newala kwa jicho la juu. Nilimwambia Mama Hamisi kidonda kinafungwa na dawa. "Sawa mwanangu," alinijibu. "Na mimi silii."

Jumamosi moja katikati ya kipindi hicho Hamisi hakutokea. Tulikaa mbele ya kijipicha cha kijivu mpaka mama akachoka. Jumamosi iliyofuata kikawaka kijani mapema, na maneno yakaja: "Shikamoo mama. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, sijui ninyi huko." Nilisoma kwa sauti. Mama Hamisi aliitazama skrini muda mrefu, naye hajui herufi hata moja. "Marahaba," akasema. "Mwambie na sisi wazima." Hakutaja chakula, wala Hamisi hakuuliza. Nikajisemea moyoni kijana amekua, Sauzi imemfundisha adabu. Ndivyo nilivyokuwa siku zile, mwepesi wa kuona watu wameendelea.

Jumamosi nyingine baada ya hiyo mtandao ukawa mzito kupita kiasi. Wateja walinung'unika, mwalimu mmoja aliyekuwa namba tano akapiga kibodi kama anafukuza kuku. Nilimwacha Mama Hamisi akingoja jibu la mwanawe, nikaenda kwenye kompyuta yangu kuitazama ruta. Mistari mingi ilikuwa ya namba nane. Bwana Issa alikuwa amefungua barua yenye picha nzito za kampuni yake na ilikuwa bado inashuka. Nikaifuta mistari yote ya namba nane, kama fundi alivyonifundisha. Mtandao ukapumua. Palepale nikamsikia Mama Hamisi: "Tekla, kimekuwa cha majivu." Nikageuka. Kijipicha cha Hamisi kilikuwa kijivu, na sentensi yake ya mwisho imekatika katikati. Kutoka nyuma ya ubao Bwana Issa akaita, "Dada mhudumu, mtandao umekatika huku." Nikamwambia asubiri kidogo. Kitambo kikapita, kijani kikawaka tena. "Samahani mama," nikasoma, "mtandao wa huku Sauzi umekatika."

Nilirudi kwenye ruta nikiwa nimesimama. Niliitazama mistari ile upya, safari hii sikutafuta uzito wa mtandao. Watu waliokuwa kwenye programu ya kuchati chumbani mle walikuwa wawili tu. Namba mbili ilizungumza na mahali fulani pa mbali, na namba nane ilizungumza na mahali palepale. Mistari miwili, wa juu na wa chini, yote imepita kwenye anwani yetu moja, imekwenda ng'ambo ya bahari, na kurudi chumba hikihiki chenye harufu ya salfa. Sikutaka kuamini. Mikono ilikuwa ya baridi na nikajiambia ni hali ya hewa ya Newala. Nikafuta mstari ule mmoja wa namba nane, huo tu. "Kimekuwa cha majivu tena," Mama Hamisi akasema taratibu. Nyuma ya ubao mtu akakohoa.

Mama alipoondoka nilikwenda namba nane. Bwana Issa alikuwa ameweka mikono mapajani na skrini yake imezimwa. "Hamisi yuko wapi?" nikamuuliza, bila shikamoo wala baba, na ni mtu wa umri wa baba yangu. Hakunikemea. Aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia mtambo umenionyesha. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. "Kibanda alicholala kimeungua," akasema. "Usiku, wamelala wengi. Mwenzake kanipigia simu, nimesimama pale kwenye kilima cha kutafutia mtandao, watu wa salfa wamenizunguka. Wameshamzika hukohuko." Nikamwuliza kwa nini anamfanyia dada yake ukatili ule. Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza. "Binti, wewe ni msomi, lakini hili sikiliza. Mtoto akifa kumbini, mama haambiwi. Anapika, analeta bakuli, sisi tunalipokea. Wenzake wanakula, bakuli linarudi tupu. Mpaka siku ya kutoka. Juma yuko kumbini na hajapona. Dada yangu akilia sasa atanipotezea na huyu. Mimi hapa napokea bakuli tu."

Nilikuwa na hasira ambayo hata leo nikiigusa ina moto. Hasira kwake, kwa kumbi, kwa Sauzi, kwa korosho zisizomlisha kijana nyumbani kwao, na kwa kijisanduku cheusi kilichoniambia jambo ambalo sikuliomba. Lakini sikuwa na uhakika wa kumshinda. Ningemwambia yule mama na kidonda cha Juma kikaharibika kwa sababu yoyote ile, uchafu au homa au bahati mbaya, nani Newala angeuliza habari ya dawa? Na mama mwenyewe angebaki akijua kwamba alilia. Nikamwambia Bwana Issa, nitanyamaza mpaka siku ya kutoka. Akaweka mkono kifuani kama anayeapa, akaondoka.

Jumamosi zilizofuata ndizo zilizonizeesha. Nilikaa kando ya Mama Hamisi nikasoma kwa sauti yangu maneno ya marehemu yaliyoandikwa na mtu aliyekaa hatua chache nyuma yetu. Alikuwa anaandika kwamba kazi ni nzuri, baridi imezidi, mama ajitunze. Mama alijibu kwa ufupi. Alikuwa anauliza "Analala pazuri?" na mimi nikaandika, na nyuma ya ubao kibodi ikagongwa, likaja jibu, "Pazuri mama," na mimi nikalisoma. Mara moja sauti ilinikatika, nikasingizia salfa. Akanipapasa mgongoni. Kupitia ukuta wa mama lishe niliwasikia wafanyabiashara wakibishana kuhusu soko huria, kwamba sasa kila mtu yuko huru kwenda anakotaka. Nilitamani kupiga ukuta ule kwa ngumi.

Siku ya kutoka nilialikwa. Kumbi lilichomwa moto kama desturi, nyasi kavu zikalipuka mara moja, na wavulana wakaondolewa mbio huku wamekatazwa kugeuka nyuma. Nilimwona Bwana Issa. Wanaume wote walikuwa wakitazama moto ule wakishangilia, yeye peke yake alikuwa ameupa mgongo, kikohozi kimemkamata. Juma alikuja amevaa nguo mpya, amepakwa mafuta, miwani ya jua kubwa kuliko uso. Kidonda kilikuwa kimepona. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikapasuka. Tulikula wali na kuku, ngoma ikapigwa mpaka jioni, na kila nilipomtazama Bwana Issa alitazama sahani yake.

Nilimngoja aseme siku iliyofuata. Hakusema. Nilipomkuta sokoni akaniambia mtoto bado ana ugeni wa nyumbani, tumpe mama wiki moja afurahi. Nikamwambia mimi sisomi tena. Jumamosi ilipofika nilimwona akiingia mapema, bila kunisalimia, akaenda moja kwa moja namba nane. Mama Hamisi akafika saa yake. Alikuwa amesuka nywele, maana kifungo chake kilikuwa kimekwisha, na amejifunga khanga mpya. Akakaa namba mbili. Niliitazama ruta. Mistari ilikuwa miwili.

Kijani kikawaka, maneno yakaja. Nilikaa kando yake na sikufungua mdomo. "Soma mwanangu," akasema. Sikuweza. "Kasema shikamoo, siyo?" Nikaitikia kwa kichwa. Aliitazama skrini ile kama alivyoitazama mara ya kwanza, kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hamisi tangu amezaliwa hajanipa shikamoo kabla ya kuuliza nimepika nini. Bakuli la mwanangu likirudi, mimi najua kama ni yeye aliyekula." Nikamgeukia. "Mama, ulijua tangu lini?" "Juma alikuwa kumbini," akasema, "sikujua kitu." Akaivuta khanga yake mabegani. "Sasa andika. Andika hivi: Kaka, mtoto ameshatoka. Toka na wewe."

Niliandika. Vidole vyangu vilikosea, nikafuta, nikaandika tena. Nikabonyeza. Maneno yale yakatoka kwa mlango wetu mmoja, yakaenda kule mbali yanakokwenda, yakarudi. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya nyumba. Kisha nikasikia kiti cha namba nane kikiburuzwa kwenye saruji, na Bwana Issa akatokea nyuma ya ubao, mtu mzima, machozi yamechora njia kwenye vumbi la salfa usoni mwake. Alipiga magoti mbele ya dada yake pale katikati ya wateja. "Lini?" dada yake akamuuliza. Akamwambia. "Na moto?" Sijui alijuaje habari ya moto, labda alimwona siku ile alivyoupa mgongo moto wa kumbi. "Na moto," akasema Bwana Issa.

Hapo ndipo Mama Hamisi akalia. Sijasikia kilio kile tena na naomba nisisikie. Nilizima kompyuta za wateja, nikawatoa, nikafunga mlango, na wao wawili wakakaa sakafuni wameshikana. Kwenye skrini yangu ruta ilikuwa bado imefunguliwa. Mstari wa namba nane ulikuwa wa kwanza kutoweka, kisha wa namba mbili, na pakabaki patupu. Alipoweza kusema, alinivuta karibu akaniambia neno moja. "Juma asijue kwamba nilibana kilio kwa ajili yake. Mtoto akijua hivyo hatacheka maishani." Nikamwahidi. Jioni ile mtaa ukatangaziwa kwamba habari imefika leo kutoka Sauzi, na matanga yakakaa bila mwili. Mwishoni mwa mwaka tajiri alifunga biashara, na mimi nikahamia Masasi ambako nimeishi kwa mitambo ya watu mpaka leo. Mitambo imebadilika, lakini bado nikiingia kwenye ruta na kuona mistari miwili inayokwenda mahali pamoja, huwa nageuka kutazama nani kakaa nyuma ya ubao.

Kwa hiyo siku ya msiba, Juma aliponiuliza, nililipokea bakuli. Mtu aliyetoka kumzika mama yake hajapona, wala si siku ya kumwambia alichobebewa. Lakini aliyenifunga ahadi ile amekwenda, naye Juma ni mtu mzima mwenye watoto, na nilimwona siku ile akiwachekesha wageni hata machozi hayajamkauka. Alichokiogopa mama yake hakikutokea. Nimengoja hesabu ya msiba ikamilike ndipo nikaandika, na karatasi hizi zitamfikia yeye kwanza kabla ya msomaji mwingine yeyote.

Arobaini imepita, Juma. Umeshatoka. Kaka yako alikufa ukiwa kumbini, na mama yako alijua, na hakulia mpaka ulipopona.